Mafuta ya Dirishani kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu, huyu aliyenifuata ziwa, kazi yake ni kufulia watu nguo. Ameolewa anafua, amefiwa na mume anafua. Vidole vimepasuka, sabuni ikiingia anauma meno. Lakini ukipita kwake utajua tu nyumba ina mafuta: chupa zimejipanga dirishani, nyingine hazina hata kifuniko, jua linazipiga kutwa. Tulikulia chakula cha maji na chumvi, basi yeye anataka kila mpita njia aone. Nimesema mpaka nimechoka: mafuta yakae kabatini, gizani, mbali na joto la jiko, kifuniko kikazwe.

"Nifiche ya nini, dada? Nimeiba?"

Siku moja msimamizi wa gereji akamwambia awapelekee mafundi samaki wa kukaanga. Wakipenda, kazi ya kuwapikia ni yake, aagane na mabeseni. Akakaangia mafuta ya dirishani. Sinia nilibeba mimi, nina mafua, pua imeziba kama ukuta.

Fundi wa kwanza alitafuna, akainuka, akatema nje.

"Mama, umetukaangia oili chafu ya gari?"

Wenzake wakacheka. Wakanusa. Wakarudisha samaki kwenye sinia.

Mdogo wangu akamchukua samaki yule yule, akamla mpaka mwiba, watu wanamtazama.

"Mbona mtamu? Mafuta si ndivyo yalivyo?"

Hakuwa anajitetea! Mtu mzima, mwenye wajukuu, anakula mafuta yaliyochacha miaka yote na hajui!

Nikamwambia msimamizi, "Baba, kesho tunarudi."

"Kesho tu, mama. Keshokutwa naita mwingine."

Nikanunua mafuta mapya, nikayafungia kabatini kwangu, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Kulipokucha akaja kukaangia kwangu. Akaonja, uso ukamshuka.

"Dada, haya mafuta hayana ladha. Umeniharibia kazi."

"Beba sinia, twende!"

Mafundi walikula kama waliofungiwa wiki nzima. Yule aliyetema jana alilamba vidole. Msimamizi akasema, "Mama, kuanzia kesho uje mapema."

Nikadhani atapiga vigelegele. Njia nzima kanibana mkono, machozi yanamtoka.

"Dada, sasa wale wanangu, nimewalisha nini?"