Masanduku ya Papa Protas

Siku ya kwanza kumwona Papa Protas, alikuwa amechuchumaa nyuma ya ghala moja la Mobeni, mtaa wa viwanda huku kusini tulikokimbilia, ananusa sanduku. Alikuwa ameingiza pua yote ndani, macho amefumba. Kisha akagusa ubao kwa ncha ya ulimi. Mimi nilikuwa nimetumwa pamoja na lori kutoka Clairwood kupakia viti. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikajifanya nafunga kamba.

"Usiogope, ndugu," akasema bila kugeuka. "Mbao yenyewe iko inasema kama ni ya zamani ama wanakudanganya."

Alijuaje kwamba mimi ni Mkongo, na kwamba ninaogopa? Sikumuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Ghala lile linapokea vyombo vya wazee waliokufa, na vya vyama vya kale vya Wazungu ambavyo vimefungwa kwa kukosa watu. Vinauzwa kwa mnada. Protas alikuwa fundi wa kutengeneza vilivyovunjika, na kitu kilichokosa mnunuzi, tajiri wake alimruhusu akichukue. Mtu mwingine angechukua kitanda. Yeye alichukua masanduku ya vile vyama tu, madogo, ya mbao nyeusi, yenye nakshi na vipande vya shaba.

Baadaye chumba kikawa wazi katika nyumba yetu, karibu na Umbilo Road, naye akahamia. Tuliishi pale chini ya Papa Urbain, mzee wa kanisa, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye mkataba wa nyumba. Mama Élisabeth, anayeuza sombe, majani ya muhogo, pale sokoni Warwick, alikuwa na chumba cha nyuma. Protas aliingia na godoro moja, suruali mbili na masanduku kumi na moja. Aliyapanga ukutani, akawa anayapaka nta kila Jumamosi kama mtu anayemsugua mtoto mgongo.

Moja lilikuwa na nakshi ya bikari na pembemraba ya fundi. Jingine lilikuwa na jicho. Jingine lilikuwa na pete tatu za mnyororo, na jingine mikono miwili imeshikana. Moja, ukifungua kifuniko, lilikuwa na mchoro wa fuvu la kichwa.

Kwetu Uvira, mtu akinunua gari na mwezi uleule mdogo wake akafa, watu hawamuulizi daktari. Wanasema ameingia Frimasoni, ametoa jina la ndugu yake liwe kafara. Alama zile kila mtoto anazijua.

"Papa Protas," Mama Élisabeth alimwambia siku moja jikoni, "hilo jicho lako linaniangalia nikienda kuoga."

"Halina haja, Mama. Limeona mengi."

"Basi ulifunike! Mimi ni mjane, si sinema."

Tulicheka, lakini usiku ule hakuna aliyeacha mlango wake bila kufunga. Mimi nilimuuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, watu wa vyama vile walikuwa wanafanya nini.

"Walikuja na meli, hawana ndugu," akasema, akiendelea kusugua. "Ukiingia kwao, unajua ni nani atakuzika."

Wiki nzima sikupita tena mlangoni kwake.

Papa Urbain naye alikuwa anatazama. Jumamosi moja Protas alipotoka kutafuta bawaba, aliniita barazani.

"Josias, wewe huna maneno mengi. Ingia mule, fungua, uangalie. Kama ni matupu, tutanyamaza."

"Papa, na akirudi?"

"Mimi iko hapa mlangoni. Eish, wewe mwanaume ama nini?"

Niliingia. La kwanza lilikuwa tupu, na la pili pia. La mikono miwili halikuwa tupu. Ndani kulikuwa na picha za pasipoti, zile tunazopiga kwa ajili ya karatasi za ukimbizi, zimefungwa kwa mpira. Ya juu kabisa ilikuwa ya Mama Élisabeth. Ya nne ilikuwa yangu mimi.

Ile picha niliitambua kwa shati. Fundi wa picha alinipa nne, ofisini walichukua mbili, zilizobaki niliziacha mezani sebuleni. Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na jina langu lote mpaka jina la baba, jina la mtaa wetu kule Uvira, na namba ya dada yangu. Namba ile niliipiga mara moja tu kwa simu ya Protas, yangu ilipoharibika.

Nilirudisha kila kitu, nikatoka, nikamwambia Papa Urbain neno moja tu: "Tumeuzwa."

Angalau hapo ningeweza kumsubiri Protas nimuulize. Sikufanya hivyo.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, walileta pipa kwenye uwanja wa kanisa, kama wanavyofanya mtu akisalimisha hirizi. Mimi mwenyewe nilibeba masanduku matatu, likiwemo lile la mikono, nikiwa nimelishika mbali na kifua. Tuliyatia pipani, Papa Urbain akamwaga mafuta ya taa, akawasha. Watu walikuwa wanaimba kwa nguvu.

Protas alifika mbio, bado na nguo za kazi. Jumapili alikuwa anafanya kazi, na hilo nalo walimhesabia kosa.

"Choma masanduku!" akapiga kelele. "Choma yote! Toeni karatasi kwanza!"

"Mmesikia?" Papa Urbain akawauliza watu. "Anataka majina yake."

Ndipo Protas akaingiza mkono ndani ya moto. Alitoa picha saba au nane, nyingine zikiwa zimejikunja, akazikandamiza kifuani kuzizima. Vidole viwili vilibabuka ngozi. Nyimbo zikakoma.

"Mnamkumbuka Ezéchiel?" akauliza.

Nani asingemkumbuka. Aliishi na sisi, alianguka kazini bandarini. Mwili wake ulikaa mochwari siku arobaini na moja kwa sababu hakuna aliyejua kwao ni wapi. Tulimzika na jina moja tu. Mpaka leo labda mama yake anamngojea.

"Hawa wa masanduku walikuwa wanaandika," Protas akasema. "Kila mtu na kwao. Mimi nikaanza kuandika. Ndiyo hiyo tu."

"Si ungetuambia?" Mama Élisabeth akalia.

"Ningekuambiaje, Mama? Nije jikoni, niseme, Mama Élisabeth, ukikufa nimpigie nani?"

Mama Élisabeth akafuta pua kwa kitenge. "Ningekumwagia sufuria ya sombe. Ya moto."

Wengine walicheka. Papa Urbain hakucheka.

"Mchawi pia iko na maelezo mazuri," akasema. "Kama ni kazi ya wema, kwa nini uifiche kwenye sanduku la Frimasoni? Nyumba ni jina langu. Kesho utoke."

Protas alitazama watu mmoja mmoja. Aliponifikia mimi nilitazama pipa. Ningeweza kusema kwamba sikuona damu mule, wala nywele, wala kitu chochote cha kichawi, ila picha na namba za simu. Ningeweza kusema ni mimi niliyesema tumeuzwa. Nilikuwa bado naogopa. Na kweli, kuna kitu kilinisumbua: majina yale aliyapata wapi yote, mpaka la baba yangu marehemu?

Jumatatu asubuhi nilimfuata stendi ya Warwick. Alikuwa dirishani ndani ya taksi, basi dogo la kwenda mji wa Maritzburg, likingoja kujaa. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa. Sikwenda kumuaga. Nilikwenda kuomba picha yangu.

"Papa," nikasema, "naomba unirudishie ile yangu."

Akatoa bahasha mfukoni, akachambua kwa mkono mzima mpaka akaipata. Ilikuwa imeungua pembe moja, lakini uso wangu ulikuwa mzima. Nikanyoosha mkono. Hakunipa. Aliigeuza upande wa nyuma, akaiweka juu ya goti, akatoa kalamu sikioni. Kondakta alikuwa anafunga mlango.

"Nilipiga jana kwa dada yako," akasema. "Iko mtu mwingine anapokea. Nipe namba nyingine."