Mwaka Tuliosafisha Kupita Kiasi

Kila mwaka, ukaguzi wa ubora ukikaribia, mimi huwa mtu wa kuepukwa. Kituo chetu kiko mjini, mtaa wa Kyebando, ghorofani juu ya duka la misumari na rangi, na kazi yetu ni kufunza mafundi na kupima ujuzi wao: washonaji, wasusi, wapishi. Anayefaulu hupewa cheti. Mimi ndiye mhakiki wa ndani, yaani yule anayepaswa kuhakikisha kwamba kila alama imeandikwa kwenye fomu, ikasainiwa na kuwekwa kwenye faili kabla mkaguzi hajapanda ngazi zetu. Wiki hiyo hufoka ovyo, na hata vyoo huvikagua mwenyewe.

Mwalimu wetu wa ushonaji alikuwa mama wa makamo kutoka kaskazini, mjane wa askari, aliyelea wanawe katika kambi ya jeshi na kutuletea Kiswahili cha kambini mpaka darasani. Nilimpenda sana mama yule, na alinitia wazimu, kwa sababu hakuandika kitu. Alisema macho hayawezi kuwa kwenye mikono ya mtu na kwenye karatasi kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akishona vizuri, alimchomekea uzi mfupi wa buluu ndani ya pindo la nguo. Kazi ikiwa ya kurudia, uzi mwekundu. Mwisho wa mwezi tuliketi pamoja na chai na mihogo, yeye akisoma nyuzi, mimi nikijaza fomu. Utaratibu huo haukuwa kwenye mwongozo wowote, lakini ulifanya kazi, na saa zile ndizo nilizozipenda kuliko zote pale kituoni.

Mwaka ule nilizembea. Nilisema mwezi ujao, kisha mwezi ujao tena, hadi zikabaki siku mbili. Asubuhi nikapita darasani, nikaona mashati ya mtihani yamekunjwakunjwa, nikafoka, "Safisheni sampuli zote, ziwe tayari kwa mkaguzi." Nikaondoka kwenda kugombana na fundi wa kupaka rangi kuta.

Wanafunzi wale walikuwa wamefundishwa kwamba nguo yenye uzi unaoning'inia haijaisha. Wakachukua mikasi. Niliporudi mchana mashati yalikuwa yamepigwa pasi na kupangwa, yanapendeza kama ya dukani, na ndani ya mapindo hapakuwa na uzi hata mmoja. Mwalimu, aliyekuwa amekwenda kliniki, alirudi akageuza pindo la kwanza, la pili, la tatu, kisha akaketi.

"Nani alisema wakate?"

"Mimi, mama."

Bila alama, vyeti vya wanafunzi tisa vilikuwa hatarini. Aliyeniumiza roho zaidi ni mwanamke mmoja mkimbizi kutoka Kongo, mwenye watoto watatu, aliyeahidiwa kazi ya kushona sare katika karakana moja mtaa wa Kansanga, mradi apeleke cheti. Mwenye karakana alikuwa amekwisha kuchoka kungoja.

Nikachukua fomu, nikasema tujaze kwa kukumbuka, tuandike tarehe za nyuma. Mwalimu alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto aliyetukana mbele ya wageni.

"Mtoto yangu, mimi hapana andika siku yenye sikuona. Kesho wote nakuja, nashona tena."

Wakaja wote tisa. Kutwa nzima yeye alitazama mikono, nami nikaandika pembeni yake. Fomu zote zikawa na tarehe moja.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Hakufika hata faili la tatu kabla ya kuuliza kwa nini wote wamepimwa jana. Nilimweleza yote, bila kujiondolea lawama. Akafunga faili.

"Basi nimwone mmoja akishona," akasema, akaweka kidole kwenye orodha. Kikaangukia yule mwanamke wa Kongo.

Alishona kola ya shati. Alipomaliza, mkaguzi aliinua kazi, akaigeuza, akatabasamu. "Mimi naona iko sawa. Mama, wewe unaonaje?"

Nilikuwa nimeshaanza kupumua. Mwalimu akaichukua, akakutanisha ncha mbili za kola. Moja iliizidi nyingine kwa upana wa punje ya mchele.

"Hii bado," akasema.

Nilitaka kumkaba. Mkaguzi hakuwa ameona kosa lolote, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Lakini yule mwanamke aliinama akatazama, akatikisa kichwa polepole. "Ni kweli, mama. Upande moja iko murefu. Nitafumua."

Akafumua. Mwalimu akavuta kigoda, akaketi ubavuni mwake bila kugusa kitu. Mkaguzi naye akavuta kiti. Yule mwanamke akashona upya mpaka cherehani ikanyamaza.

Mwalimu alikutanisha ncha tena, akalipeleka shati dirishani kwenye mwanga, akarudi. Mkaguzi alikuwa ameshaandika bila kumngoja. Niliyasoma maneno hayo juu ya bega lake: uzembe wa kumbukumbu ni wa mhakiki, tathmini ya ushonaji ni ya kuaminika, vyeti vitolewe.

"Sasa enda Kansanga," mwalimu akamwambia mwanafunzi wake.

Yule mwanamke akajifunika uso kwa lile lile shati la mtihani, akalia, na mwalimu hakumkemea kwa kulichafua.