Chungu cha Mbwa Chini ya Dungu

Mimi hasira zangu zilikuwa karibu, sikatai. Na mume wangu naye akishasema neno amesema. Mwaka ule, kwenye miaka ya hamsini, tulihamia shambani karibu na mto Kilombero kulinda mpunga. Sisi tulikaa juu ya dungu, ule ulingo wa miti wa kulindia shamba, kwenye kivuli. Mbwa alifungwa chini, juani, kamba shingoni, anafunguliwa nguruwe wakiingia tu.

Mume wangu alishikilia kwamba mbwa akipewa kivuli na maji anakuwa mvivu, hafukuzi tena nguruwe pori. Upuuzi mtupu! Mbwa mwenyewe nguruwe walishamchana ubavu mara mbili kwa ajili ya mpunga wetu. Nikamwezekea kibanda cha nyasi. Nikamwekea maji kwenye chungu kilichomeguka shingo, maji niliyochota mwenyewe mtoni, pale tulipozungushia miti kuzuia mamba.

Siku moja nikarudi na mtungi, nikakuta kibanda kimepigwa mateke, nyasi zote chini.

"Huyu ni mbwa," mume wangu akasema, "si mgeni wako."

Weee! Nilimrukia. Akanizaba kofi, nikamng'ata mkono mpaka damu ikanijaa mdomoni. Akanisukuma nikaanguka. Nikaokota kitu cha kwanza nilichogusa, nikamtupia kwa nguvu zangu zote. Kikamkosa, kikapasukia kwenye nguzo ya dungu. Kilikuwa chungu cha mbwa.

Mbwa akaja kulamba tope pale maji yalipomwagika. Nilimwona. Badala ya kumtafutia chombo kingine, nikajitanda kanga yangu niende kwa dada yangu Kibaoni.

"Mpe wewe maji, kama mikono unayo!" nikamwambia mume wangu.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikarudi na chungu kipya kichwani, kwa ajili ya mbwa, si kwa ajili ya mume. Nikamkuta mwanamume kakaa chini, panga lina damu, mapaja yamechanika. Asubuhi ile mbwa alitafuna kamba, akakimbilia mtoni pasipo na miti. Mamba akamdaka akiwa bado anakunywa. Mume wangu aliingia majini akamkatakata mamba kwa panga, na mamba hakuachia.

"Sikumpa maji," akasema, machozi yanamtoka. "Nilikuwa nakusubiri wewe urudi umpe."

Nilitaka kumpasulia kile chungu kipya kichwani, haki ya Mungu. Lakini vigae vya kile cha kwanza vilikuwa bado pale kwenye nguzo, vikavu, na aliyekivunja ni mimi.