Klasi Nzima Yenye Jina Langu

Profesa wetu wa didaktiki alitufundisha kwamba mwalimu wa staji, aliye bado mazoezini, akijitambulisha vibaya siku ya kwanza, klasi itamla mzima mzima. Simama wima, usicheke, sema Kifaransa safi. Yeye mwenyewe sijui kama aliwahi kushika chaki mbele ya watoto, lakini kwa kututisha alikuwa fundi. Basi nikajizoeza nyumbani mbele ya kioo, wadogo zangu wakicheka nyuma ya pazia.

Nilipelekwa mtaa wa Ndosho, shule ya mbao juu ya mawe ya volkano, mwaka wa tatu wa primeri. Msimamizi kutoka chuo angepita asubuhi ile ile kunipa kote, yaani alama ya staji, na nikiikosa, narudia mwaka. Mama yangu, anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale soko la Kituku, alikuwa ameshawatangazia wenzake wote kwamba binti yake ni madamu. Kote hajui ni mnyama gani, lakini aibu anaijua vizuri.

Mwalimu mwenye klasi, mzee mmoja, papa wa koti zito na sauti ndogo, akanikabidhi watoto, akaenda kukaa nyuma. Nikasimama wima. Nikataja jina langu kwa Kifaransa. Klasi nzima ikapaza sauti: na yenyewe inaitwa hivyo hivyo. Nikasema nilizaliwa Masisi. Wote wakazaliwa Masisi. Nikasema nasomea ualimu. Hata wale wasio na meno ya mbele wakasomea ualimu. Nikawaambia, kwa Kifaransa kile kile, si hivyo, sikilizeni kwanza. Nao wakaniambia, si hivyo, sikilizeni kwanza.

Kumbe ndivyo walivyolelewa: mwalimu akitoa neno la Kifaransa, unamrudishia kwa nguvu, maana yake utaikuta mbele ya safari. Papa wa koti alikuwa anatikisa kichwa kwa raha kama mwenye kwaya. Nilikasirika, nasema kweli. Nimekesha na kioo wiki nzima, na hakuna hata mmoja pale aliyejua nimesema nini.

Mtoto mmoja tu hakufungua kinywa, msichana wa benchi la mbele. Alinitazama weee, mwisho akauliza polepole:

« Madamu, jina yako ni nani? »

Papa wa koti akasimama. Shule ile Kiswahili ni mwiko darasani. Anayekisema anavishwa kibao shingoni, anakaa nacho mpaka apatikane mkosaji mwingine wa kumpokeza. Na mwiko huo, papa alimkumbusha mtoto kwa Kiswahili.

Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Kabla kibao hakijamfikia, nikamjibu kwa Kiswahili, jina langu lote, hata lile la nyumbani. Papa akageuza njia, akaja kunivisha mimi, eti sheria ni sheria. Alikuwa anacheka. Kamba ya kibao ilinuka jasho la watoto.

Hapo hapo msimamizi akaingia, akakiona kibao shingoni mwangu. Papa, haraka haraka, akamwambia ni materieli ya didaktiki, kifaa cha kufundishia. Msimamizi akapendezwa sana, akaandika. Kisha akaninyooshea kidole, akaiuliza klasi kwa Kifaransa: huyu ni nani? Klasi ikamjibu kwa kishindo: huyu ni nani? Akaandika tena, watoto wanashiriki vizuri. Halafu akaniinamia, akaninong'oneza kwamba yule wa benchi la mbele amefunga kinywa, ni mtoto mzito wa kuelewa, nimfuatilie.

Mzito! Nikaisahau kote, nikamsahau mama na Kituku nzima. Nikamwambia msimamizi kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

« Papa, huyu mutoto njo peke yake anajua jina yangu. »

Msimamizi akabaki na kalamu juu. Nikamgeukia msichana, nikamwomba amwambie papa mgeni ninaitwa nani, kwa lugha yoyote anayotaka.

Alimtazama papa wa koti. Akanitazama mimi. Akalitaja kwa Kiswahili jina langu lote, hata lile la nyumbani, bila kukosea. Kisha akatoka kwenye benchi, akaja mbele yangu, akainamisha kichwa ili nimvishe kibao.