Sinia Moja Ndani ya Boti

Mourine wa mtaa wa Landless alikuwa akiwapikia watu vya kutafuna wakiwa kwenye boti, na masharti yake yalizidi ya daktari. Familia zilizokwenda Jumapili kuzungushwa majini, katika bwawa lililo nje kidogo ya Thika, zilimpigia simu mapema. Chenye mchuzi hakuuza. Aliuza viazi karai vilivyokauka vizuri, chapati zilizokunjwa na yai ndani, mihogo ya kukaanga na ndizi ngumungumu. Kila mtu na mfuko wake wa karatasi.

"Kila mtu akae mahali pake, ale chake, asiinuke," aliwaambia, mpaka Navneet, mteja wake wa siku nyingi, akamtania kwamba anauza viazi pamoja na mahubiri. Mourine alicheka, lakini masharti hayakulegea. Boti zile zilikuwa nyembamba.

Aprili, mama mkwe wake Aketch akaja kutoka Siaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu husema, ila mwenyeji huyu ndiye aliyeshikwa na homa. Tangu Mourine aolewe, yule mama hakuwahi kusifu hata chai yake. Mourine alitamani, Mungu anajua alivyotamani, safari hii amfurahishe. Ndipo akamwomba mumewe Tobias wampeleke bwawani, wapande boti pamoja na binti yao Mitchell, mtoto wa miaka saba.

Asubuhi ile Aketch aliiona mifuko mezani, akakunja uso.

"Mama Mitchell, hii ni nini? Kila mtu na karatasi yake kama watu wamekutana stejini wakingoja matatu? Kwetu familia inakula pamoja."

"Mama, kwa boti tunafanya hivyo ndio watu wasisongamane."

"Sawa. Mimi nitakaa tu na njaa yangu."

Tobias akatazama sakafu. Mourine akawasha jiko upya, akasonga ugali, akakaanga samaki, akavipanga vyote kwenye sinia moja kubwa. Moyo ulimkataza, lakini aliogopa uso wa mama mkwe kuliko maji.

Walipofika katikati ya bwawa, Aketch akafunua sinia na kuliweka miguuni pake, upande wa kulia. Tobias akasogea huko. Owino, mwendesha boti, alikuwa amewapa mgongo, anahangaika na injini. Mitchell alibaki peke yake upande wa pili, vidole vikicheza majini.

"Mitchell, njoo ule na dani yako!" bibi yake akamwita.

Mtoto hakuinuka. Alimtazama mama yake kwanza, kwa sababu alikuwa amefunzwa. Mourine akamwona mama mkwe akitabasamu, tonge la mjukuu liko tayari mkononi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha naye akainama kuelekea sinia.

Mitchell akainuka kuvuka, na boti ikalala ubavu, ikawamwaga wote majini. Watu wazima walivutwa wakiwa hai, wakitapika maji. Jaketi la kuelea alilovalishwa Mitchell lilikuwa la mtu mzima. Walilipata tupu.

Kwenye mazishi, Siaya, Aketch alijigaragaza mavumbini.

"Ni mimi nilimwita! Mtoto alikuwa amekaa vizuri, mimi nikamwita!"

Akatambaa hadi miguuni pa Mourine, mbele ya ukoo mzima, akamshika magoti, akamwomba msamaha. Mourine alifungua kinywa. Alimwona Tobias, ambaye hakujua kwamba mtoto aliuliza kwa macho na akajibiwa.

"Nimekusamehe, Mama," akasema, na wote waliosikia wakamsifu kwa moyo wake mwema.