Bawabu na Kikao cha Mkewe

Wivu wa watu wengine hubahatisha. Wivu wa Bawabu ulikuwa na tarehe, saa na dakika, tena umepangwa kwa mistari. Ukimwambia punguza, bwana, mke wako hana neno, anakufungulia skrini anakuonyesha. Sasa mtu wa namna hiyo utamtuliza kwa lipi?

Jina la Bawabu alilipata getini. Miaka tisa alikaa kwenye kibanda cha lango la kiwanda cha magodoro, na daftari lake kubwa, akiandika nani kaingia, nani katoka, saa ngapi na kwa gari gani. Mwandiko wake ulinyooka hata mkurugenzi akipita alikuwa anasimama kulisoma. Kiwanda kiliponunua mfumo wa kompyuta wa kuendesha kazi zote, kuanzia manunuzi mpaka mishahara, fundi aliyekuja kuufunga aliomba apewe mtu makini wa kuangalia nani anaingia humo na nani anashindwa kuingia. Mkurugenzi hakuumiza kichwa. Alimtoa Bawabu getini, akampeleka kozi ya wiki tatu, akampa kiti cha kuzunguka na chumba kilichokuwa stoo ya mifagio. Watu wakacheka, wakasema kazi ni ile ile, lango tu limebadilika. Yeye hakununa. Aliipenda ile kazi, na haki ya Mungu aliijua.

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alifungua orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya vikao. Kikao katika lugha ya mfumo, kama alivyokuwa akiwafundisha wafanyakazi wapya, si watu kukaa pamoja kuzungumza. Ni ule muda tangu mtu anapoingia kwa nywila yake, yaani neno lake la siri, mpaka anapotoka. Mfumo unaandika ametumia kompyuta ipi, na amekaa dakika ngapi bila kugusa kitu. Orodha ya pili ilikuwa ya walioshindwa kuingia. Ukikosea mara tano unafungiwa nje, na hapo unampigia Bawabu simu na sauti ya kubembeleza. Mhasibu hakukosa hata Jumatatu moja. Bawabu anamwambia, shemeji, wikendi imekufuta kichwa tena, wanacheka, anamfungulia. Kwa wote alikuwa mtu wa watu.

Ila kwenye orodha ya vikao kulikuwa na mstari mmoja aliokuwa akiutazama kuliko mingine yote, nao ulikuwa wa mkewe.

Mkewe alikuwa afisa manunuzi wa kiwanda hicho hicho. Walijuana enzi za lango. Watu wote Bawabu aliwaandika kwa wino wa bluu, yeye peke yake akamwandika kwa wino mwekundu, na siku mama huyo alipoinama kutia saini akaliona hilo, alicheka mpaka foleni nzima ya nyuma yake ikauliza kuna nini. Ndoa ikaanzia pale. Wakajaliwa mabinti wawili, na kwa miaka mingi ukiwakuta njiani wanarudi nyumbani, mmoja anaongea, mwingine anamkatiza.

Halafu kikaja kile kiti cha kuzunguka.

Mwanzoni ilikuwa kama utani. Wako mezani, watoto wanakula, Bawabu anauliza, mama watoto, saa nne na robo kikao chako kililala dakika kumi na tisa, ulikuwa wapi? Mke anacheka, anasema nilikuwa msalani, au nilikuwa kwenye simu na yule anayetuletea vitambaa. Baadaye akawa anajibu bila kucheka. Baadaye tena akawa hajibu kabisa, na Bawabu, badala ya kushtuka, akakichukua na kile kimya akakiweka kwenye ushahidi. Jamani, mtu na akili zake.

Mambo yakachacha alipokuja msimamizi mpya wa stoo. Wasichana wa kushona walimwita Mtanashati siku ya kwanza tu, kwa sababu stoo ile vumbi la sponji linaganda mpaka kwenye kope, lakini shati lake lilibaki na mikunjo ya pasi mpaka jioni. Alinukia vizuri, na alipocheka unamsikia mpaka ng'ambo ya maegesho ya malori. Mwezi huo huo mkurugenzi akatoa agizo: mzigo ukifika, stoo ahesabu, manunuzi athibitishe hapo hapo, wote wawili kwenye kompyuta ya stoo, kila mtu kwa nywila yake. Basi orodha ya Bawabu ikaanza kuwaweka pamoja. Kompyuta ya stoo, mkewe. Kompyuta ya stoo, Mtanashati. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu.

Agizo alilijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyelipanga kwenye mfumo. Lakini roho ilimuuma hivyo hivyo, na yule yule aliyekuwa akifundisha watu kwamba kikao si watu kukaa pamoja, sasa akilisoma neno hilo anawaona wamekaa pamoja, mabega yamegusana, Mtanashati anacheka kile kicheko chake. Aliionea wivu mpaka ile kompyuta. Hata shati lile alilionea wivu, akaenda kununua linalofanana nalo, likambana kwenye tumbo, akamgombeza mkewe kwamba anapika sana.

Jumanne moja likaja lori la sponji. Saa tano na dakika nane mkewe akaingia kwenye mfumo kwa kompyuta ya stoo. Bawabu akaanza kumtazama. Dakika arobaini mistari ikawa inakwenda vizuri, mzigo mmoja baada ya mwingine. Kisha ikasimama. Dakika tano. Nane. Kumi na mbili. Alikwenda akachungulia dirishani, lakini lori lilikuwa limeziba mlango wa stoo. Akarudi akakaa. Alikuwa na kitufe kimoja kilichoandikwa Ondoa, cha kumtoa mtu aliyekwenda zake akaacha kikao wazi. Mpaka siku hiyo hakikuwahi kumponza mtu asiye na kosa. Akakibonyeza kwenye mstari wa mkewe, na kwa nusu dakika hivi alisikia raha, sikufichi.

Huko stoo mkewe hakuwa mezani. Alikuwa juu ya lori, magoti yamelowa, anakagua sponji zilizonyeshewa njiani, na Mtanashati yuko chini anaandika anachoambiwa. Aliposhuka kwenye kompyuta alikuta kila alichokuwa amekiingiza kimepotea, na skrini tupu inamwuliza yeye ni nani.

Sasa hapa pana jambo ambalo kila aliyewahi kutumia mfumo ule analijua. Siku zote ule ukurasa wa kuingilia unakukumbuka jina, wewe unaandika nywila tu. Ukitolewa kwa nguvu unakusahau, unaanza na kisanduku cha jina, na mkono uliozoea unaandika nywila mahali pa jina. Nywila ikiandikwa mahali pake inajificha kwa nukta. Ikiandikwa mahali pa jina haijifichi. Inaingia kwenye orodha ya walioshindwa, wazi, kwa herufi zake zote.

Bawabu akauona mstari unatokea: kompyuta ya stoo, saa sita na dakika saba, mtumiaji "nimechoka14" hatambuliki.

Akausoma tena.

Ile kumi na nne hakuhitaji kuelezwa na mtu. Mfumo unadai nywila mpya kila mwezi, na watu wana kazi zao, hawana muda wa kubuni maneno. Wanaacha neno lile lile, wanapandisha namba. Akahesabu kwa vidole kurudi nyuma, miezi kumi na minne. Mtanashati ana miezi mitatu tu pale kiwandani. Akatafuta, wallahi akatafuta, ni mwanamume gani alikuwepo mwezi ule wa kwanza, na hakumpata. Alimpata bawabu mmoja tu, ana mwezi mzima kwenye kiti kipya cha kuzunguka, anajifunza kusoma vikao. Angekuwepo mwanamume mwingine angejua la kufanya: angegomba, angesusa chakula, angewaita shemeji zake waamue. Sasa amgombeze nani? Wivu wote ule ulikuwa hauna pa kwenda.

Alikuwa bado ameukodolea macho mstari ule mkewe alipoingia bila kubisha hodi, vumbi la sponji limemjaa kwenye nywele.

"Umenitoa wewe?"

Bawabu akasema mtandao ulikuwa unasumbua. Mkewe hakubishana. Alizunguka meza, akasimama nyuma ya kiti, akaisoma skrini, na Bawabu akasikia pumzi yake inakatika halafu inarudi taratibu.

"Ni mimi nimekutoa," Bawabu akasema. "Si mtandao wala nini. Niliona umenyamaza, nikakutoa."

"Najua."

"Kumbe ni tangu..."

"Kuhesabu si ndiyo kazi yako, baba watoto? Hesabu." Kisha akasema, bila ukali wowote, kwamba kila tarehe mosi mfumo ulipomtaka abadilishe alikuwa anasema mwezi huu nitatafuta neno jingine, na kila mwezi anakuta neno ni hilo hilo.

Bawabu akaomba radhi. Aliomba vizuri, si kwa kujikosha. Alisema sitakuuliza tena dakika zako, sitazitazama, nitamwomba mkurugenzi mstari wako autazame fundi. Macho yalimlowa. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akamwekea mkono begani. Bawabu akaushika ule mkono, akaona pengine leo jioni watarudi pamoja, na huku mmoja anaongea.

"Haya, nifungulie nibadilishe," mkewe akasema. "Lori linangoja."

Nywila ikionekana lazima ibadilishwe pale pale, na Bawabu anageuka, ndivyo alivyowazoesha wote. Akampisha kwenye kiti, akageukia ukuta. Aliutazama ule ukuta kwa moyo wote. Alitaka neno liwe jipya, refu, fupi, lolote, na alitaka asilijue kamwe. Nyuma yake vidole vikaanza kugonga, vikaandika mara ya kwanza, vikarudia kama mfumo unavyotaka, kisha vikanyamaza.

"Ngapi?" mkewe akauliza.

"Kumi na moja," mdomo wa Bawabu ukajibu, kabla hajajua kwamba alikuwa anahesabu.

Alipogeuka, mkewe alikuwa amekwishasimama, anajikung'uta vumbi. Herufi tisa za lile neno, na namba mbili. Mama watoto akatikisa kichwa kidogo tu, akarudi kwenye lori.