Marahaba Iliyomuudhi Mama Ida wa Kihagara

"Kitu kinafanya kazi, unakifumua cha nini?" anauliza Wendelin, dereva wa Fuso, akiwa amesimama na funguo mkononi.

"Na breki za gari lako si zilikuwa zinafanya kazi, mpaka siku ulipoingia kwenye shamba la kahawa la watu?" Violet anamjibu huku akimenya viazi. "Mwache mwenzako."

"Huyo mwenzangu akikosea, mimi nashuka Kihagara gari tupu na kupanda gari tupu. Na wewe hapa utawauzia watu mchuzi wa nini? Wa maji?"

Anayebishaniwa yuko hapohapo, anaandika. Ni saa nne asubuhi mjini Mbinga, na Ottilia Kapinga, 29, amekaa kibarazani kwenye mgahawa wa Violet, kompyuta ikiwa juu ya meza ambayo jana jioni ilikatiwa mboga.

Kazi yake ni kutunza mfumo wa mtandaoni unaowaunganisha akina mama wanaoanika usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, na wanunuzi wa huku juu. Mama wa Ngumbo au Kihagara, kule ziwani, akiwa na mzigo mkavu, anatuma ujumbe wa simu. Mfumo unaupokea, unamtafutia mnunuzi, kisha unamwambia Wendelin apitie wapi.

Ujumbe ukipotea, usipa unabaki chanjani. Mvua ikiukuta huko, unakuwa chakula cha bata.

Mfumo huo ameujenga juu ya kile ambacho mafundi wa kompyuta hukiita kiunzi, yaani msingi wa programu ulioandikwa na watu wengine, ambao fundi huusimamishia nyumba yake. Toleo analotumia limezeeka, na waliolitengeneza hawazibi tena matundu yake. Mwezi uliopita watu wasiojulikana walipenya humo, na akina mama wakapokea matangazo ya kamari kwa jina la kikundi chao wenyewe.

"Mama mmoja wa Ngumbo, mtu wa kanisani kabisa, aliniuliza kama siku hizi tunauza samaki au bahati nasibu," anasema Ottilia.

Basi kwa nini hakuhamia toleo jipya siku ileile? Kwa sababu ya salamu.

Akina mama wa ziwani hawaandiki "usipa gunia tatu" wakaishia hapo. Huyo atakuwa mtu wa namna gani? Wadogo wanaanza na "Shikamoo." Wakubwa wanaanza na "Hujambo mwanangu," na wengine wanauliza kama kahawa imeshachanua, ndipo waje kwenye mzigo.

Kwa hiyo Ottilia aliongeza kipande cha programu kinachopokea salamu, kinaitikia, kisha kinasoma kilichobaki. Kipande hicho hakielewani na toleo jipya, na mtu mwingine aliyekitengeneza aliachana nacho zamani. Imebidi akiandike upya mwenyewe.

"Si uwaambie waache salamu, waandike mzigo tu," anashauri Wendelin.

"Kawaambie wewe, kaka. Anza na Mama Ida."

Wendelin anatazama pembeni. Mama Ida ndiye mkubwa wa waanikaji wa Kihagara. Akituma yeye, wote wanatuma. Akisusa, pwani nzima ya kule imesusa.

Ottilia alikulia Tingi, akaanzia kwenye duka la kutolea fotokopi mjini Songea, na usiku akajifunza kuandika programu kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Kikundi kinampa cha kulipia pango na bando. Mwezi ukigoma, anakula kwa Violet.

Leo hawezi kungoja tena. Usipa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika na ujumbe hupungua, na mbalamwezi hii inaishia.

"Nikisubiri nyingine, wale wa kamari wanarudi," anasema. "Nikiharibu leo, mitumbwi inaingia ziwani na mfumo umelala."

Anaweka pembeni nakala ya mfumo wa zamani, ili aweze kuurudisha. Anabonyeza.

Violet ameacha viazi. Ujumbe wa kwanza unaingia kutoka Ngumbo: "Shikamoo. Usipa gunia mbili." Mfumo unajibu: "Marahaba. Mzigo umepokelewa." Wendelin anashusha pumzi.

Unaingia wa Mama Ida: "Hujambo mwanangu."

Mfumo unajibu: "Marahaba. Andika mzigo wako."

Violet anajishika mdomo. "Ottilia. Umemwitikia mtu mzima marahaba, na wala hajakuamkia."

Katika kuandika upya, salamu zote alizipa jibu moja. Mama Ida anaandika tena: "Marahaba ya nani? Nimekuamkia lini?" Kisha Kihagara kote kimya.

"Rudisha ule wa zamani," anasema Wendelin. Sasa hapigi kelele. "Kabla hajawaambia wenzake."

Nakala ipo. Kidole cha Ottilia kiko juu ya kitufe, kisha anakiondoa.

"Ule wa zamani una adabu, ila mlango hauna komeo," anasema. "Huu una komeo. Adabu nitaufundisha."

Anarekebisha mistari michache, anaijaribu pembeni mara mbili, kisha anamwandikia Mama Ida mwenyewe: "Shikamoo mama. Nisamehe, niliitikia vibaya."

Wanasubiri. Ottilia anasema kwamba wakivuka leo, anataka mfumo ujifunze salamu za Kinyasa na Kimatengo pia, ili mama aandike kama anavyoongea nyumbani kwake. Anasema hivyo macho yakiwa kwenye skrini.

Jibu linaingia.

"Marahaba mwanangu. Usipa gunia nne, kavu. Ukishuka Kihagara upite ule."

Nyuma yake zinamiminika shikamoo na hujambo za wenzake, na kila moja inapata jibu lake.

"Kihagara mbali, na hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi," Violet anamwambia, akifunua sufuria. "Funga hiyo, uingie ule. Na wewe Wendelin, ingia. Huo mdomo uliobishana nao, sasa utafune."